Barua kwa mwanangu: ulale Kansas City

Mwanangu,

Jana ulinijibu kwenye simu, "Mama usijali, nitaendesha moja kwa moja mpaka Denver," halafu ukacheka. Mimi sikucheka. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu najua utasoma polepole, na nataka usome polepole.

Kutoka hapa Columbus mpaka Denver ni kama maili 1,260. Najua una miaka ishirini na minne, najua kazi umeipata kwa akili yako mwenyewe, na kanisani nimekutangaza mpaka watu wamechoka nami. Lakini hakuna mwajiri anayetoa zawadi kwa aliyefika bila kulala. Ulale Kansas City. Hapo utakuwa umepita nusu ya njia.

Gari nimekupa kwa moyo mweupe. Nitakachokikosa ni redio. Unakumbuka tulipolinunua gari, muuzaji alisema redio ya setilaiti ni bure kwa miezi ya mwanzo, nami nikaapa kwamba baada ya hapo sitalipa hata senti. Nikalipa. Wewe na dada yako mlinicheka, mama anasikiliza muziki wa wazungu wa mashambani. Hamkuniuliza kwa nini.

Babu yako alikuwa mtu wa reli pale Voi, na jioni redio ilikuwa yake. Voice of Kenya ikicheza Jim Reeves, hakuna aliyeruhusiwa kuburuta hata kiti. Sasa mimi natoka zamu ya usiku, miguu imevimba, nabonyeza kitufe, na sauti ileile inatoka ndani ya gari, Ohio, safi kuliko ilivyowahi kutoka kwenye redio ya babu. Skeeter Davis naye yumo. Dolly Parton wa enzi zile yumo. Maneno yote nayajua, hata yale ambayo tukiwa watoto tuliyaimba bila kuelewa, tena tukiyakosea, na mpaka leo naimba yale ya makosa. Taarabu sijaipata humo, wala rumba yetu. Chaneli zaidi ya mia na hakuna anayesema hata "hujambo".

Jim Reeves alikufa tarehe 31 Julai 1964. Babu yako alimsikiliza miaka ya sabini yote bila kujua kwamba anamsikiliza marehemu, nami nimejua nikiwa mtu mzima huku Marekani. Alikuwa na miaka 40. Ndege ndogo, mwenyewe ndiye rubani, akaingia kwenye mvua kubwa karibu na Nashville, karibu kabisa na kufika. Hakuwa na haraka ya maana, alikuwa anarudi nyumbani. Nafikiri unaona ninakoelekea.

Mjomba wako atakuambia redio ya namna hii yeye aliijua zamani. Kweli, alikuwa na ile ya WorldSpace, kampuni ya redio ya setilaiti, akaiweka dirishani na antena yake akiielekeza angani, na majirani wakija kuangalia. Setilaiti yao, AfriStar, ilirushwa 1998, na mwanzilishi alikuwa Noah Samara, mzaliwa wa Addis Ababa. Kampuni ikafilisika 2008, na redio ya mjomba ikawa pambo la kabati. Cha ajabu ni kwamba WorldSpace ndiyo iliyotia pesa katika XM, redio ya setilaiti ya huku, ilipokuwa inaanza Marekani, na mwaka huohuo wa 2008 XM ikaungana na kampuni mwenzake Sirius, ndiyo hiyo iliyomo kwenye gari lako. Mwambie mjomba, atafurahi sana, na atakupigia simu kila wiki kukurudishia habari hiyo kana kwamba ni yake.

Sasa sikiliza. Redio ya kawaida ukisafiri nayo inakusumbua. Ukiacha mji mmoja inaanza kukwaruza, unatafuta stesheni, unapata mhubiri, unapata bei ya mahindi, unakasirika, unatafuta tena. Hasira hizo zinakuweka macho. Hii ya setilaiti haikuombi kitu. Inatoka juu, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, na kinachoizima ni daraja au maegesho ya chini ya ardhi, basi. Kansas hakuna cha kuizima. Ni barabara iliyonyooka, shamba kulia, shamba kushoto, na Jim Reeves anakubembeleza kama mtoto mgongoni. Mimi mwenyewe kope zinashuka. Usiniambie kwamba na mimi naendesha usiku. Mwendo wangu ni mfupi, na ile asubuhi jirani alipogonga kioo akanikuta nimelala injini ikinguruma, nilikuwa nimeshafika nyumbani.

Kufungua dirisha hakusaidii. Kuongeza sauti hakusaidii. Hapa kazini tunafundishwa: mtu aliyekesha saa 24 anakuwa kama mwenye kilevi cha asilimia 0.10 kwenye damu, na sheria huko Colorado inakuhesabu umelewa kwa 0.08. Wewe hunywi pombe, nakushukuru kwa hilo, sasa usiende kulewa usingizi. Na saa isikudanganye. Denver iko nyuma yetu kwa masaa mawili. Simu itakuambia ni saa nne usiku ilhali mwili wako unajua ni saa sita.

Ukisinzia kabla ya Kansas City, toka barabarani, penye taa na watu, ulale dakika ishirini, kahawa baadaye au kabla, yote sawa. Halafu endelea mpaka hotelini. Pesa ya chumba nimekutumia leo, usiende kununulia viatu.

Malipo ya redio yanaisha mwisho wa mwezi ujao. Wakikutajia bei mpya usikubali haraka, wapigie simu useme unakatisha, watashusha. Nilijifunza kwa yule mama wa Guyana tunayefanya naye zamu, yeye hata ya simu halipi bei kamili. Chaneli zangu nimezihifadhi kwenye vile vitufe vya kwanza. Usizifute. Hizo kelele zako weka kuanzia cha nne.

Tairi za nyuma zina upepo mdogo, pima kabla ya kutoka. Karatasi za bima ziko kwenye kidroo cha mbele, chini ya miwani yangu ya zamani, hiyo miwani nirudishie. Chapati nimezigandisha, ziko kwenye mfuko wa bluu, usimpe dada yako akakupakia za kwake. Ameshapima dirisha la chumba chako kwa ajili ya mapazia na hujaondoka bado. Sufuria ya ugali nimeitafuta jikoni kutwa nzima. Kama iko kwenye boksi lako, itoe. Denver kuna maduka.

Ukifika hotelini nipigie, hata kama niko zamu, simu itakuwa mfukoni. Na risiti ya chumba ipige picha unitumie, yenye jina la mji na saa.

Mama