Mshahara usiachiwe wahasibu peke yao

Mhariri,

Serikali inapotangaza nyongeza ya kima cha chini cha mshahara katika sherehe za Leba Dei, waajiri wengi hapa Mombasa hukimbilia kutafuta watakapopunguza, na mjadala wa malipo huishia hapo. Nimehudumu katika idara za wafanyakazi za kampuni za uwakala wa forodha, na ninaandika kupinga mazoea ya kuuona mshahara kuwa gharama ya kubanwa kila mwisho wa mwezi, ilhali ndio unaoamua nani abaki na nani aondoke.

Mchukue karani wa forodha. Ustadi wake umo katika kujaza tamko la mzigo kwenye mfumo wa KRA, mamlaka ya ushuru, na kuchagua nambari ya ushuru inayoiafiki bidhaa. Akikosea, hati hurudishwa, kontena hukaa bandarini Kilindini hadi siku zake za kuhifadhiwa bure zikaisha, kisha ada ya kuhifadhi huanza kuhesabiwa kwa dola, na kampuni ya meli nayo hudai yake. Sasa kampuni inapopata wateja wapya huajiri karani mwingine, na kwa kuwa bei ya soko imepanda, mgeni huanza kwa mshahara unaomzidi mwenyeji anayemfundisha kazi. Siri ya mshahara haidumu ofisini, hasa katika mji huu wetu. Mwenyeji hagombi wala haandiki barua ya malalamiko. Huhamia kampuni ya jirani, na wateja waliozoea kumpigia yeye simu humfuata. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri alipe sawa kazi yenye thamani sawa, lakini hata pasingekuwa na sheria, hesabu ya biashara yenyewe ingetosha kumzindua.

Jambo la pili ni kwamba mwajiri hutazama jumla anayotoa, mfanyakazi hutazama kinachobaki. Baada ya makato ya NSSF, yaani akiba ya uzeeni, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHIF na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, ambayo mwajiri naye huilipia kiasi kama hicho, nyongeza iliyotangazwa kwa mbwembwe huweza kuonekana kama haikuwapo. Zipo kampuni zinazogharimia matibabu ya familia nzima ya mfanyakazi, lakini hazijawahi kumwandikia thamani ya matibabu hayo kwa shilingi. Naye huondoka kwa kufuata nyongeza ndogo kwingine, bila kujua anachokiacha.

Kuhusu vibarua wa magodauni ya Shimanzi na Changamwe, wanaosimamishwa siku chache kabla ya kutimiza mwezi ili kifungu cha 37 cha Sheria hiyo ya Ajira kisiwageuze kuwa waajiriwa wa mshahara wa mwezi, nitasema tu kwamba anayefanya hivyo hujilazimisha kufundisha watu upya kila mara, kisha hulalamika kwamba mizigo inaharibika.

Ninaloliomba kwa wakurugenzi si kubwa. Wanapoandaa bajeti, mkuu wa rasilimali watu aketi nao kabla ya tarakimu ya mishahara kuandikwa, akiwa na ngazi za mishahara zilizolinganishwa na za soko, pamoja na orodha ya waliohama mwaka uliopita na kampuni walizokwenda.

Msomaji,
Tudor, Mombasa