Shukrani kwa dereva wa lori wa njia ya Leh

Sisi wanafunzi watatu Watanzania tunaosoma India tulikodi gari dogo Manali kwenda Leh, mji wa Ladakh, kaskazini kabisa mwa India, katikati ya Agosti. Tulijua Ladakh ni jangwa, milima ya Himalaya huzuia mawingu ya masika ya huko, kwa hiyo makoti ya mvua tuliyaacha. Ujuaji huo!

Tulipovuka Baralacha La, kipito cha mlimani karibu mita 4,900 juu ya bahari, ilikuwa alasiri. Hapo ndipo vijito huvimba, maana theluji huyeyuka mchana kutwa, na siku hiyo mvua iliongezea. Gari lilizima katikati ya maji. Mwenzetu mmoja kichwa kilikuwa kinampasuka, anatapika, ule ugonjwa wa hewa hafifu ya juu.

Dereva wa lori la mafuta akasimama. Alikunja suruali, akaingia kwenye maji yale ya barafu na fimbo, akapima kina hatua kwa hatua. Akafunga kamba, akatuvuta polepole. Mgonjwa alimpandisha kwenye kabini, akamfunika blanketi lake mwenyewe, akatuambia tusilale pale juu hata kidogo, tushuke. Alitusindikiza hadi kambi ya Sarchu, mita 600 hivi chini, na hakuondoka mpaka mwenzetu alipokunywa chai ikakaa tumboni.

Pesa alizikataa. Jina hatukumwuliza, aibu yetu.

Bhaiya, yaani kaka, ahsante sana. Mgonjwa wako alipona. Nanyi mtakaopita huko, vukeni vijito alfajiri, na mbebe kamba. Huenda atakayekwama ni mwingine.