Chuma kinafichwa, lakini wapi?

Mhariri,

Makala za afya zimezoea kueleza kwamba mwili ukivamiwa na vijidudu huficha madini ya chuma ili bakteria wafe njaa. Kwa bakteria wanaozagaa kwenye damu maelezo hayo ni sahihi. Kwa wale wanaoishi ndani ya seli zetu, kama wa kifua kikuu, wa homa ya matumbo na Listeria, yanapotosha, kwa kuwa ghala linalofichiwa chuma ndimo wanamolala.

Ghala hilo ni makrofeji, chembe nyeupe zinazomeza uchafu na wavamizi. Makrofeji za wengu na ini hubomoa chembe nyekundu zilizozeeka na kurudisha kwenye damu miligramu 20 hadi 25 za chuma kwa siku. Utumbo huingiza miligramu 1 au 2 tu. Kwa hiyo anayeshika mlango wa makrofeji ndiye anayeamua damu ipate chuma kiasi gani, na mlango wa kukitolea unaojulikana ni mmoja: protini iitwayo feropotini. Maambukizi yakianza, ishara ya intaleukini-6 hulifanya ini litoe homoni ya hepsidini. Hepsidini hujishikiza kwenye feropotini, kisha feropotini huvutwa ndani ya seli na kuvunjwavunjwa. Chuma cha kwenye damu hushuka ndani ya saa chache. Kile kilichobaki makrofeji hurundikwa katika feritini, protini ya kuhifadhia chuma, ambayo molekuli yake moja hubeba hadi atomi 4,500.

Sasa tuseme Salmonella, jamii ya bakteria anayeleta homa ya matumbo, amekwisha kumezwa. Makrofeji humfungia katika kifuko, na kwenye utando wa kifuko hicho huwekwa pampu ya NRAMP1. Kifuko kinapojaa asidi, pampu hutumia msukumo wa protoni kutoa nje chuma na manganizi, madini ambayo bakteria huyahitaji kwa kupumua, kutengeneza DNA na kujikinga na sumu za oksijeni. Jeni la pampu hii lilitambuliwa mwaka 1993 kwa panya wa maabara. Panya ambao asidi amino ya nafasi ya 169 ya pampu hiyo imebadilika kutoka glisini kuwa asidi aspatiki, yaani herufi moja tu katika protini nzima, hushindwa kumdhibiti Salmonella.

Lakini pampu imehamisha chuma kutoka kifukoni hadi kwenye ute wa seli, hakijatoka nje ya seli. Listeria hutoboa kifuko na kuhamia kwenye ute huo huo. Bakteria wa kifua kikuu hutoa mikobaktini, kinasa-chuma kinachoweza kukipora hata kwa protini za mwili. Ndiyo maana makrofeji iliyoamshwa na intaferoni-gama, ishara ya chembe za kinga, hufanya kinyume cha tunachosimuliwa kila mara: hupunguza vipokezi vya kuingizia chuma, na nitriki oksidi inayozalishwa huwasha jeni la feropotini ili chuma kitoke nje kabisa. Hapa ndipo uzito wa jambo ulipo. Chuma kikizidi ndani ya makrofeji huzuia kutengenezwa kwa kimeng'enya kinachozalisha hiyo nitriki oksidi. Seli iliyoshiba chuma humlisha adui, na papo hapo hupoteza silaha ya kumuulia.

Bakteria nao hawakai bure. Mwili hutoa protini ya lipokalini-2 inayonasa enterobaktini, kinasa-chuma cha jamii nyingi za bakteria wa utumbo. Salmonella hukibandika sukari kinasa chake, na kwa umbo hilo jipya hakiingii tena kwenye mfuko wa lipokalini-2.

Haya yanamgusa msomaji aliyeshika karatasi ya majibu ya maabara. Chuma cha kwenye damu kikiwa chini wakati wa homa, hicho peke yake si ushahidi wa upungufu. Huenda kimefungiwa ghalani. Feritini nayo hupanda kwa sababu ya maambukizi yenyewe, hivyo inaweza kuonekana nzuri huku upungufu ukiwapo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linaweka mpaka wa upungufu kwa mtu mzima mwenye afya kuwa feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita, lakini chini ya 70 akiwa na maambukizi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ni 12 na 30. Feritini isiyoambatana na kipimo cha CRP, protini ya damu inayopanda wakati wa maambukizi, ni nusu ya jibu.

Vidonge vya chuma vikimezwa hepsidini ikiwa juu hufyonzwa kidogo sana, maana mlango wa utumbo ni feropotini ile ile. Chuma cha kudungwa mshipani ndicho cha kuogopwa zaidi: kinaruka utumbo na kumezwa moja kwa moja na makrofeji, kwa hiyo kisitolewe maambukizi ya bakteria yakiwa yamepamba moto. Simwambii mtu aache dawa aliyoandikiwa, na upungufu wa kweli lazima utibiwe. Ninachoomba ni mpangilio: maambukizi yatibiwe, CRP ishuke, kisha chuma kipimwe upya. Kwa wagonjwa wengi wa kifua kikuu damu hupanda kwa dawa za kifua kikuu peke yake, chuma kilichofungiwa kinapoachiwa.

Mtaalamu wa baiolojia ya kinga