Mhariri, bekereli za maziwa zisomwe kwa majina yake

Mhariri naomba nafasi kidogo. Nina duka Mwanjelwa hapa Mbeya, nauza maziwa ya unga, mchele na samaki wa kopo, mizigo mingine inaingilia Tunduma. Juzi mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi kanirudishia maziwa, katumiwa meseji kwamba maziwa ya unga yakipimwa yanakutwa na mionzi bekereli 400 kwa kilo (bekereli ni kipimo cha mionzi, moja ni atomu moja kuvunjika kwa sekunde), anaogopa mwanae atapata kansa. Hela nikampa, ila iliniuma sana kwasababu sikuwa na karatasi yoyote ya kumwonyesha.

Hiyo 400 inaweza kuwa kweli kabisa na isiwe na shida, maana karibu yote ni potasiamu-40, ile sehemu ndogo ya potasiamu yenye mionzi. Potasiamu mwili unaihitaji, na popote ilipo lazima iwe na mionzi kidogo, gramu moja siku hizi ni kama bekereli 31, na mionzi hiyo imo tangu dunia iumbwe. Maharage yetu haya ya Mbozi, kilo moja inafika hapo hapo, 400 na kitu! Hata mtu mzima mwilini mwake anatembea na bekereli kama 4,000, na potasiamu ikizidi inatoka kwenye mkojo.

Sasa kuna ambazo kweli tuziangalie. Seziamu-137 ndo ile iliyosambaa kwenye ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, inachukua miaka 30 kupungua nusu, na kikomo chake cha Codex, wale wa viwango vya chakula vya kimataifa, kwenye chakula kinachouzwa nje baada ya ajali ya nyuklia ni bekereli 1,000 kwa kilo. Halafu kuna radiamu-226, hii ni ya asili kama potasiamu lakini isikudanganye, kwa mtu mzima bekereli moja yake inadhuru kama mara 45 zaidi ya ile ya potasiamu, inajificha kwenye mifupa kama kalsiamu na mtoto ndo kwanza mifupa inajengeka. Poloniamu-210 ndo kali zaidi, na inapatikana kwenye samaki wa baharini. Kwahiyo ukijumlisha zote ukamwambia mtu namba moja tu unamtisha bure, au unamficha kitu.

Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, kazi ya kupima wanayo kisheria na naiheshimu. Ombi langu majibu yafike mpaka sokoni, mimi wa rejareja siyaoni, yanaishia kwa mwenye mzigo. Yabandikwe kwa Kiswahili, potasiamu peke yake, seziamu peke yake, radiamu peke yake, na yaseme mtoto akinywa vikombe viwili kwa siku inakuwaje, maana hatari inategemea unakula kiasi gani na una umri gani. Na maharage na viazi vya huku navyo vipimwe vibandikwe pembeni watu walinganishe.

Yule mama mpaka leo mtoto anampa uji mtupu, na ana miaka miwili tu.

Muuza duka,
Mwanjelwa, Mbeya