Salamu za Hanuka na Krismasi kutoka kwa Kuka (babu yenu): picha hakuna

Wanangu, wajukuu, wakwe na mashemeji zangu, mlio Bungoma, Kitale na Nairobi, na nyinyi wa Doha, na nyinyi wa Minnesota mnaoamka wakati sisi tunafungia kuku,

Mulembe. Heri ya Hanuka kwa wenye Hanuka, na Krismasi njema kwa sisi tuliobaki. Mimi na mama yenu tulirudi juzi kutoka Mbale, Uganda, kupitia mpaka wa Lwakhakha. Tu wazima, ila goti langu moja limekasirika na ile barabara. Upepo wa kiangazi umeshaanza, alfajiri mlima Elgon unaonekana wote mpaka kileleni, na upande wa pili wa mpaka tuliacha kahawa nyekundu bado iko mitini na watu wanachuma usiku na mchana.

Tangu Jumapili simu yangu haipumui. "Baba, picha ziko wapi?" "Kuka, tuma hata video moja." Jamani, picha hakuna. Mjukuu wetu wa Uganda ametimiza miaka 13 na kuingia utu uzima kwa desturi ya Kiyahudi: amesoma Torati siku ya Sabato, na siku ya Sabato pale Nabugoye, kwa Wayahudi wa karibu na Mbale, simu haiguswi, moto hauwashwi, hata kalamu haishikwi. Mjomba wake mmoja (anajijua) alijibanza dirishani akaitoa simu mfukoni kidogokidogo, kama mtu anayeiba sukari. Kitoto cha miaka kama sita kikamtazama tu, kikatikisa kichwa. Simu ikarudi mfukoni. Basi badala ya picha nawaandikia, na mtanivumilia nikirefusha.

Wadogo wenu huwa wananiuliza tumewapataje Wayahudi wakwe zetu, Wabukusu sisi. Si wageni kutoka mbali. Semei Kakungulu, yule shujaa wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka mashariki ya Uganda kisha wakamtupa mkono, alikuja kuishi karibu na Mbale akawa anaisoma Biblia kwa makini kuliko waliomletea. Mwaka 1919 alijitahiri, akatahiri na wanawe. Akaambiwa, hayo ni mambo ya Wayahudi. Akajibu, basi sisi ni Wayahudi. Alifariki mwaka 1928, na waliomfuata ndio wanaoitwa Abayudaya mpaka leo. Kwa hiyo jambo lililowafanya Wayahudi ni kisu, na kisu ndicho kinachotufanya sisi watu. Nilipolisikia hilo mara ya kwanza nilijua hawa tutaelewana.

Ila hamjasahau maneno yaliyosemwa binti yetu alipoolewa kule. Aliongoka, akakaa mbele ya majaji watatu wakamhoji, akazama majini, akatoka na jina jingine juu ya lile tulilompa. Wazee wawili watatu wakaja kunipa pole kama vile nina msiba. "Mtoto umempoteza." Mtoto wake alipozaliwa na kutahiriwa siku ya nane, pole zikarudi kwa nguvu mpya: sasa huyu hataimba sioyaye, wimbo wetu wa jandoni, hatapakwa matope mtoni, hatasimama uani alfajiri kutahiriwa mwaka wa shufwa pamoja na wenzake wa rika. Mimi nilisimama uani, nikiwa na miaka 14. Najua kilichokosekana. Sikuwa na jibu, nikanyamaza, na kunyamaza tunakuweza sisi tuliolelewa katika kanisa la Friends, Waquaker wanaojulikana kwa kuabudu kimya.

Sasa niwaambie nilichokiona.

Ijumaa jua likikaribia kuzama tulikuta taa za Hanuka zimepangwa mezani. Ilikuwa siku ya sita, kwa hiyo ziliwashwa sita, na moja ya pembeni ambayo kazi yake ni kuziwashia wenzake. Wanakumbuka mwaka 164 kabla ya Kristo, Wamakabayo walipoirudisha Hekalu la Yerusalemu mikononi mwao na mafuta ya siku moja yakawaka siku nane. Kwa ajili ya hayo mafuta wiki nzima watu hula vya kukaangwa. Mandazi tuliyokula hayasemeki. Mama yenu alikula pia malewa (machipukizi ya mianzi) ya karanga mpaka akafungua mshipi wa gauni, lakini hilo sikuwaambia mimi.

Asubuhi sinagogi lilijaa. Wanaimba wale watu! Zaburi kwa Kiluganda, sala kwa Kiebrania, ngoma ya sauti tu kwa sababu siku hiyo vyombo vimepumzika. Babu yake wa kuumeni akamfunika mtoto shali nyeupe yenye vishada pembeni, mikono ikimtetemeka. Nitarudi kwake. Kisha Torati ikatolewa kabatini, ngozi ndefu iliyoandikwa kwa mkono, ikakunjuliwa mezani. Nilisimama karibu nikachungulia. Jamani, yale maandishi hayana irabu! Konsonanti tupu, hakuna nukta, hakuna mahali pa kupumulia, na yule mtoto wa miaka 13 anasoma kwa kuimba, huku akifuatisha mstari kwa kijiti cha fedha chenye ncha ya mkono mdogo wenye kidole kimoja kilichonyooka, kwa kuwa ngozi haiguswi kwa kidole cha mtu. Kando yake amesimama mwalimu. Akikosea neno moja analisahihisha hapohapo mbele ya wote, na msomaji anarudia. Alikosea mara mbili. Mara ya pili niliona masikio yake yamepata moto kwa nyuma, magoti yamekaza, macho hayakutoka kwenye ngozi. Nikamjua. Mtu akisimama uani alfajiri na omukhebi, mtahiri, yuko mbele yake, anasimama vilevile.

Zamu yake iliangukia Mwanzo 41, ndoto ya Farao. Ng'ombe saba wanono, ng'ombe saba waliokonda kama walivyokonda wetu mwaka ule wa ukame. Halafu mtoto anatakiwa aeleze alichojifunza, naye akaeleza kwa Kiluganda, akamalizia kwa Kiswahili kwa heshima yetu. Alisema Yusufu hakumwambia Farao aombe tu, alimwambia aweke ghalani sehemu ya tano ya mavuno ya miaka ya shibe. Akaongeza: "Kuka yangu wa Bungoma anauza mahindi mwezi wa kumi, anakuja kuyanunua mwezi wa tano kwa bei mara mbili." Sinagogi zima likageuka kunitazama. Kweli tupu! Nimeaibishwa na mtu ambaye hata ndevu hana, na ninamtambua kuwa mzee mwenzangu.

Baba yake naye ana neno lake la kusema siku hiyo: anamshukuru Mungu aliyemwondolea mzigo wa makosa ya huyu kijana, maana kuanzia sasa akikosa atajibu mwenyewe. Nilicheka kimoyomoyo. Kwetu mtoto akishatoka jandoni baba ndiyo kwanza anaanza kulipa. Peremende zikarushwa kutoka kila upande, wanawake wakapiga vigelegele, moja ikanipata kwenye upara. Ilikuwa ya maziwa. Nimeiweka.

Sasa yule babu yake mwingine, mkwe mwenzangu. Mchana tulikaa chini ya mwembe, nikamuuliza kwa nini alilia vile wakati wa kumvika mtoto shali. Akaniambia yeye alifika miaka 13 wakati wa Amin. Sala za Kiyahudi zilikuwa zimepigwa marufuku. Wengi waliiacha dini, waliobaki wakaomba usiku, mlango umefungwa, mmoja nje akisikiliza hatua. Siku yake ilipita kama siku nyingine ya kulisha mbuzi. Kampala ilipokombolewa na Watanzania na wenzao, ilikuwa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ileile Pasaka yao ilikuwa inaingia, ile ya kutoka Misri. "Tulidhani redio inatania," alisema. Siku hizi rabi wao, Gershom Sizomu, amewahi hata kukaa bungeni. Lakini mkwe wangu alikuwa akitazama vidole vyake tu. Sikumwambia kitu. Tulikaa.

Nifikie lile la ng'ombe, maana najua limeshafika Kitale likiwa limepinda.

Mnajua haki ya mjomba. Kijana anapoingia utu uzima, khocha (mjomba wake) anachinja dume na kumvika luliki shingoni, nyama ya kifuani yenye mafuta yake. Wazee wengine walisema huyu hastahili, kisu alikimaliza akiwa na siku nane. Wanangu wakakataa, na niliwaunga mkono: haki ya mjomba inatokana na tumbo la dada yake, haitokani na kutahiriwa mwezi wa nane. Wakachanga. Ng'ombe akanunuliwa mnadani hukohuko Uganda ili tusigombane na watu wa mpaka. Alhamisi mchinjaji wao akaja na kisu chake kirefu, akakipima kwa ukucha urefu wote kama kina pengo, akachinja mara moja. Halafu akaingiza mkono kifuani hadi kiwiko, akafumba macho akipapasa. Mapafu yalikuwa yameshikamana na mbavu, na kwa sheria yao huyo haliwi. Akatoa mkono. "Huyu hapana."

Hapana gani? Ng'ombe mzima! Mngeona uso wa khocha. Nyama iliuzwa jioni ileile kwa majirani Wakristo wanaojiandalia Krismasi, kwa bei ya kusikitisha, na Sabato tukala kuku. Hakuna aliyetukosea, sheria ni sheria, lakini usiku ule wanangu hawakulala, na nilisikia wakihesabu pesa gizani, za Kenya na za Uganda, kwa mwanga wa simu.

Jumapili alfajiri wakaenda kununua dume jingine, dogo. Mkono ukaingia, macho yakafumbwa, tukashika pumzi sote, mpaka mama yenu. Mapafu safi. Khocha akakata luliki akaiinua juu, tukaanza kuimba, na mjukuu wetu akainua mkono. Kwa sheria yao nyama lazima kwanza ilowekwe maji nusu saa, kisha ikae kwenye chumvi saa nzima, damu itoke.

Tukakaa chini tena. Saa moja na nusu, wanaume wa Kibukusu wamezunguka karai la chumvi. Mkwe wangu akaleta kahawa. Mama yenu akaanzisha wimbo mwingine kwa sababu ule wa kwanza ulikuwa umeishiwa.

Alipovikwa, ilikuwa inachuruzika maji ya chumvi mpaka kwenye shati lake jeupe la Sabato. Akasimama wima, mikono ubavuni, hakupepesa. Jua lilikuwa la saa sita. Huo ndio muda ambao kila mmoja wetu angeweza kupiga picha, na simu zote zilikuwa zimezimika, hazijachajiwa tangu Ijumaa.

Taa ya nane tuliiwasha jioni hiyo, kisha tukafunga mizigo.

Mama yenu anasema mwaka mpya mje na magunia. Tunajenga ghala.

Wenu,
Kuka