Jumamosi tunaanza kujenga bwawa la Husuni Kubwa

Habari za jioni wanakikundi. Kuta za mfano wetu wa Husuni Kubwa, lile jumba la kale la sultani tunalolijenga kwa vitofali vya kuchezea, zimesimama, hongereni sana. Jumamosi saa 3 asubuhi, barazani pale pale, tunaanza bwawa, na hapo ndipo penye kazi: lina pembe 8, na vitofali vyetu vingi ni vya pembe mraba. Jana usiku nilijaribu vile vyenye bawaba, kila kona nyuzi 135, zikakutana bila mwanya. Mwenye navyo nyumbani avilete. Rangi iwe ya maziwa au kijivu, maana jumba lenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa; vyekundu tuviache.

Watoto waje nao, tafadhali. Jumba la sultani la karne ya 14 liko mkoani kwetu Lindi, Kilwa Kisiwani, na wengi wao hawajavuka kwenda kuliona.