Chozi wa Nyuma ya Bweni

Kakamega

Mwanangu Nekesa,

Barua yako imefika. Huku sote tu wazima, na nyanya yako anakusalimu sana.

Nimefurahi mno kwamba uliacha kufua ukamtazama ndege. Unasema ni chozi mweusi mwenye kifua chekundu, alikuwa akinyonya ua la mgomba, na wenzako wanabisha. Lazima mbishane, maana huko Kisumu wako wawili wa namna hiyo.

Usianze na wekundu, mwanangu. Anza na mkia. Mmoja mkia wake ni mfupi, mwili umejaa, na wekundu umeenea kuanzia kooni hadi kifuani. Utosi na kidevu ni kijani kinachometa. Ndiye huyu anayekuja kwenye mti wetu wa murembe ukichanua. Wa pili manyoya mawili ya katikati ya mkia yamechomoza. Kichwa na koo lote ni kijani, na wekundu ni ukanda tu uliopita kifuani. Huyo ni mwenyeji wa kandokando ya Ziwa Victoria, ndiyo maana hukumzoea hapa nyumbani.

Yule wa kahawia aliyefuatana na chozi wako msimwite shomoro. Shomoro ana mdomo mfupi, mnene, wa kupasulia mbegu. Wa huyu ni mwembamba na umepinda kama shazia. Ni chozi jike. Watu humpuuza kwa kuwa hang'ari, lakini mimi ndiye nimpendaye. Mwaka jana, ulipokuwa shuleni, mmoja alijenga kwenye waya wa taa ya barazani. Alikuwa akivuta utando wa buibui kwenye pembe ya dirisha, anaukusanya mdomoni, kisha anafungia nyasi na majani makavu mpaka kikaning'inia kifuko chenye mlango ubavuni na kijipaa juu yake. Halafu akaingia ndani, akawa anakisukuma kwa kifua ili kitanuke. Dume hakuleta hata unyasi mmoja. Kazi yake ilikuwa kuimba juu ya waya wa stima na kufukuza wengine.

Huyo dume wako mtazame asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako. Ukitazama ukielekea jua, kile kijani hakionekani, utadhani ni mweusi mtupu. Mkia wake ulikuwaje? Niandikie kabla hamjaanza mitihani.

Mama yako